Prosesa kwanza au kadi kwanza? Jibu kwa chalii wa Pasua mwenye laki tisa

Kuna mdogo wetu wa Pasua, Moshi, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo bro. Nina kompyuta ya gemu nilinunua mtumba 2021, Ryzen 5 2600, kadi ya picha ni GTX 1060 ya GB 6, ram GB 16 kijiti kimoja, madabodi B450, pawasapalai wati 450, monita 1080p ya 75Hz. FC ile ya mpira na GTA V zinacheza poa ila Warzone inagandaganda na Cyberpunk ndo kabisa. Nimejichanga nina laki tisa. Mshkaji mmoja anasema uza yote uhamie AM5, ile soketi mpya ya prosesa za AMD, mwingine anasema chukua RTX 3060, kuna sehemu nimetajiwa laki nane na nusu. Nianze na prosesa au kadi, au nisubiri kwanza?"

Marahaba chalii wangu. Nashukuru umetaja kila kitu mpaka ram kwamba ni kijiti kimoja, sababu wengi wanaonifuata hapa Kijenge, Arusha, wanasema tu mashine imekuwa nzito fundi nipe bei ya kadi, na mashine yenyewe wameiacha nyumbani. Laki tisa ya kujichanga sio hela ya kubahatisha, kwa hiyo ntakujibu kwa urefu, vumilia.

Wiki hii usinunue kitu. Sio kwamba mashine yako haihitaji, inahitaji, ila hao washkaji zako wote wawili wanakushauri bila kujua mashine inachelewea wapi, na hilo hulijui kwa kuangalia mwaka wa prosesa wala jina la kadi, unalijua kwa kuipima ikiwa ndani ya gemu lako, na kupima ni bure kabisa.

Ipo hivi. Kila picha moja, yaani fremu, inapita mikono miwili kabla haijafika machoni kwako. Prosesa ndo inapanga, adui kasimama wapi, risasi imefika wapi, mlango umefunguka au bado, ikimaliza inaikabidhi kadi, kadi ndo inachora na kupaka rangi. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde maana yake kila mmoja ana milisekunde 16.7 tu za kumaliza kazi yake, kwa monita yako ya 75 ni 13.3. Umeona ukuta unavyojengwa, saidia fundi anachanganya udongo na fundi anapanga tofali. Ukimtafuta fundi mkali wa mji mzima halafu saidia ni mmoja na ndoo ni moja, fundi atasimama na mwiko mkononi anasubiri, ukuta unapanda kwa spidi ile ile ya ndoo. Na ukileta vijana watano wa kuchanganya wakati fundi mwenyewe ni mzee mikono mizito, udongo utakaukia chini. Swali lako lote liko hapo, nani anamsubiri nani.

Sasa kupima. Shusha MSI Afterburner, programu ya kuipima kadi, inakuja na RivaTuner inayoweka namba kwenye skrini, zote za bure. Ukiingia kwenye setingi zake chagua namba za kukaa kwenye kona ya skrini wakati unacheza: matumizi ya kadi kwa asilimia, memori ya kadi, joto la kadi, joto la prosesa, ram, kila kiini cha prosesa peke yake (sio jumla, ntakuambia kwa nini), na ile grafu ya muda wa fremu. Halafu ndani ya gemu zima V-Sync, ile setingi inayofunga fremu zilingane na monita, na uondoe kikomo cha fremu, hapa wengi wanakosea, wanapima huku gemu limefungwa kwenye 60, kadi inaonyesha asilimia 50 wanasema kumbe kadi iko vizuri tatizo ni prosesa, wakati kadi ilikuwa inapumzika kwa sababu imeambiwa ipumzike.

Cheza nusu saa, sehemu zile zinazokusumbua, sio kwenye menyu. Kadi ikikaa asilimia 97 mpaka 99 muda wote, kadi ndo inachelewesha. Kadi ikishuka 60 au 70 na fremu nazo ziko chini, basi inasubiri kitu, na mara nyingi inayosubiriwa ni prosesa. Hapo ndo ile habari ya jumla inadanganya watu. Ryzen 2600 ina viini 6 vyenye nyuzi 12, yaani njia 12 za kufanyia kazi, gemu jingi linabebesha kazi kubwa uzi mmoja au miwili, kwa hiyo unaweza kuona jumla asilimia 40 ukasema prosesa bado ina nguvu, kumbe kuna uzi mmoja uko 95 umelemewa na wengine wote wanamwangalia. Ndo maana nimesema weka kila kiini peke yake.

Ukiwa bado na wasiwasi kuna jaribio moja ambalo mi naliamini kuliko yote. Simama sehemu moja kwenye gemu, andika fremu ni ngapi, halafu shusha resolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, kutoka 1080p mpaka 720p, setingi nyingine usiguse. Umeipunguzia kadi kazi ya kuchora zaidi ya nusu, lakini prosesa kazi yake ni ile ile, maadui hawajapungua. Fremu zikiruka juu, mfano kutoka 38 kwenda 60, ilikuwa kadi. Zikibaki pale pale 52 kwa 53, hata ukiweka kadi ya milioni tatu leo utabaki na 53 zako.

Afu angalia ile grafu, usiangalie wastani tu. Wastani unaweza kusema 60 na bado mkono unahisi gemu linakwama, sababu katikati ya fremu zinazotoka kila milisekunde 16 kuna moja imechukua 90. Kwenye grafu inaonekana kama mwiba. Miiba ikija kila ukigeuka haraka au ukiingia eneo jipya, tazama memori ya kadi, ikiwa imegonga karibu GB 6 yote basi kadi imejaa na inaazima kwenye ram ya kawaida ambayo kwake iko mbali na ni ya polepole. Shusha ubora wa tekscha, zile picha zinazofunika vitu ndani ya gemu, hatua moja uone kama miiba inaondoka. Na kama gemu umeliweka kwenye hadi diski ya kuzunguka sio SSD, hilo nalo linaleta miiba ya aina hiyo hiyo, Cyberpunk tangu walipobadilisha mahitaji yake 2023 wanataka SSD hata kwa kiwango cha chini kabisa. Na kwenye kiwango hicho hicho cha chini kadi waliyoandika ni hiyo GTX 1060 yako ya GB 6, kwa setingi za chini na fremu 30. Kwa hiyo hiyo shida ya Cyberpunk sio mashine kuharibika, kadi ya 2016 imefika mwisho wa uzio wake.

Kabla hujaamini namba hizo hakikisha mashine haijifungi breki yenyewe kwa joto. Hili naomba ulichukulie kwa uzito sababu nyie Moshi mko chini na kwenu kuna joto zaidi, mita mia nane na kitu, sisi Arusha tuko kama 1,400, na joto la chumba likipanda digrii sita joto la kadi linapanda karibu hizo hizo sita. Kadi kama yako ikifika 83 hivi inaanza kushusha spidi kidogo kidogo bila kukuambia. Kiangazi kilichopita nililetewa mashine na kijana wa Ngaramtoni, ametoka na hela mkononi anataka kadi mpya leo leo. Nikawasha nikapima, prosesa digrii 93, kadi 84, spidi inashuka mbele ya macho yetu. Nikafungua. Kati ya feni na mapezi ya chuma cha kupozea kulikuwa na vumbi limeshonana mpaka nikalibandua kwa kidole likatoka kipande kizima kama kitambaa cha sweta, ukiligeuza unaona alama za mapezi yamechoreka, na pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka imepasuka kama tope la mfereji likishapigwa na jua. Nikasafisha, pesti mpya, tukawasha gemu lile lile, prosesa 71, kadi 72, na ile kuganda aliyokuwa anailalamikia ikawa haipo tena. Alirudi nyumbani na hela yake. Kwa hiyo anza na brashi na pesti, wewe mashine umeinunua mtumba 2021 na sidhani kama pesti imeguswa tangu hapo.

Halafu ram. Kijiti kimoja kwa Ryzen ya kizazi chako ni hasara kubwa, prosesa ina njia mbili za kwenda kwenye ram na wewe umeifungulia moja, na hizi Ryzen za mwanzo njia ya mawasiliano ya ndani yake inakwenda kwa spidi ya ram, kwa hiyo ram ikiwa polepole prosesa nzima inakuwa nzito. Ingia baiosi, zile setingi za madabodi kabla Windows haijawaka, angalia ram iko spidi gani, kama ni 2133 au 2400 na kijiti kimeandikwa 3200, XMP, yaani setingi inayoipa ram spidi yake kamili, haijawashwa, iwashe, hiyo ni bure. Kisha tafuta kijiti cha pili kinachofanana na hicho, na kwenye madabodi yenye soketi nne weka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Nakuambia ukweli ram zimepanda bei dunia nzima tangu mwisho wa 2025 sababu viwanda vinatanguliza seva za AI, ila bado kwa mashine yako naona ni shilingi inayolipa haraka kuliko zote, hasa kwenye Warzone.

Na kwenye hiyo Warzone tenganisha kuganda na mtandao. Ukipiga risasi adui haanguki, anaanguka baadaye, au wewe unarudishwa nyuma hatua tatu, huku fremu kwenye kona ziko 70 zimetulia, hiyo ni pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi kwenye seva, seva mara nyingi iko mbali nje ya nchi na hakuna prosesa wala kadi itakayokusaidia hapo. Fremu zenyewe zikishuka ndo tunaongelea mashine.

Tuje kwenye uamuzi wenyewe. Kwa nilivyoona mashine kama yako, ukishasafisha na kuweka kijiti cha pili, kipimo kitakuambia kadi. Na mi kwa monita yako ya 1080p ya 75Hz singechukua hiyo RTX 3060 ya laki nane na nusu. Sio mbaya, ile ya GB 12 ni kadi nzuri sana, ila itakula hela yote na inavuta wati 170, Nvidia wenyewe walioitengeneza wanashauri pawasapalai ya wati 550 na wewe una 450, kwa hiyo kuna gharama nyingine inakusubiri mlangoni. Tafuta RX 6600 ya AMD. Ni ya 2021, GB 8, inavuta wati 132, yako ya sasa inavuta 120 kwa hiyo umeme ni kama hujabadilisha kitu, AMD wanashauri pawasapalai kuanzia hizo hizo wati 450, na kwa 1080p ina nguvu karibu mara mbili ya 1060. Mtumba kawaida inapatikana kwa bei ya chini ya 3060. Cha kuangalia ni kwamba inahitaji waya wa pini 8 na ya kwako sana sana inatumia wa pini 6, chungulia kama pawasapalai ina ule wa 6 wenye mbili za kuongezea pembeni, na kama pawasapalai yenyewe ni ile nyepesi isiyo na jina ukiibeba kama boksi tupu, anza kubadilisha hiyo kabla ya yote, ikiungua haiungui peke yake.

Majina ya kadi yana mitego na nataka uyajue kabla hujaingia dukani. RTX 3060 zipo mbili, ya GB 12 na ya GB 8, ya GB 8 sio kwamba imepunguzwa memori tu, njia yake ya memori ni nyembamba, biti 128 badala ya 192, ni dhaifu kabisa na bei unaweza kutajiwa ile ile. RTX 3050 ya GB 6 sio sawa na ya GB 8. RX 6500 XT usiiguse, inatumia njia nne tu za kuongea na madabodi na yako ni ya PCIe 3.0, njia ya kadi ya kizazi cha zamani, itabanwa shingo. RX 580 nyingine imeandikwa 2048SP, hiyo kiukweli ina nguvu za RX 570, ya kweli ina vitengo 2304 vya kuchora. Hiyo 2048SP mi niliuziwa na duka moja nikamwekea mteja bila kuikagua, alipokuja kulalamika nikafungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi ni ipi hasa, nikaona, nikamrudishia tofauti kutoka mfukoni kwangu na iliniuma sana sababu kijana alikuwa ameniamini. Tangu hapo hakuna kadi inatoka kwangu bila GPU-Z.

Kwa nini ubadili kadi na sio kusubiri zaidi? Kuna kuwa polepole na kuna kukataliwa, ni vitu viwili tofauti. Polepole unaweza kuvumilia, unashusha setingi maisha yanaendelea, FC yako na GTA V zinacheza na zitaendelea kucheza. Kukataliwa ni pale gemu halifunguki. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinadai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga, GTX 1060 haina, hata uweke setingi za chini kabisa. Na Nvidia walitangaza draiva, yaani programu za kuendesha kadi, mpya za gemu kwa kizazi hicho cha 1060 zinaishia Oktoba 2025, kinachobaki ni za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kwa hiyo ukiwa na gemu zako mbili tatu unazopenda na zinacheza, subiri bila aibu yoyote. Ukianza kukataliwa, au ukitaka za mwaka huu, kadi ndo imefika muda wake.

Ukishaweka kadi rudia vipimo vyote upya, usidhani kazi imeisha. Kizuizi huwa kinahama, kadi mpya ikiwa na kasi utaona sasa inashuka asilimia 70 kwenye Warzone, ndo zamu ya prosesa hiyo. Hapo utachukua Ryzen 5 5600, inakaa kwenye madabodi hiyo hiyo ya B450, ram hiyo hiyo, wati 65 kama ya sasa na feni yako inatosha. Tofauti yake sio herufi tu, 2600 viini vyake sita vimekaa vyumba viwili, vitatu huku vitatu kule, kila chumba na kashe yake, ile memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ya MB 8, kikitaka kitu cha chumba cha pili lazima kitoke kivuke, 5600 vyote sita viko chumba kimoja na kashe ya MB 32 ya pamoja. Gemu linapenda sana hilo. Kama baada ya kadi utaona Warzone imetulia kwenye 75 zako, usinunue prosesa, monita haitaonyesha zaidi ya hapo.

Ila sikiliza, kabla hujang'oa 2600 lazima uboreshe baiosi, ingia tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako uone orodha ya prosesa, 5600 inaanzia toleo gani, lishushe kwenye flashi uliweke huku prosesa ya zamani bado ipo. Na usifanye hivyo kipindi cha masika wakati umeme unacheza, ukikatika katikati ya baiosi kuandikwa madabodi inaweza isiwake tena. Azima UPS hata kwa jirani, ni dakika chache tu.

AM5 nimekuachia mwisho sababu haichukui maneno mengi. Inataka prosesa mpya, madabodi mpya na ram za DDR5, vyote kwa pamoja, laki tisa itaisha hapo, halafu uchomeke GTX 1060 ile ile na Cyberpunk ikucheze vile vile. Mshkaji wako hana nia mbaya ila hiyo ni ramani ya mtu anayeanza kutoka sifuri. AM4 yako, soketi ya madabodi uliyonayo, bado ina nafasi ya kupanda.

Ukienda kununua kadi, iwe hapa Arusha au inaletwa na basi kutoka Kariakoo, kumbuka kadi nyingi za mtumba zilichimba sarafu za mtandao mpaka Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipoacha kutumia kadi. Kuchimba peke yake hakuui kadi, kinachochoka ni feni na pesti. Izungushe feni kwa kidole usikie kama inakwaruza, angalia skrubu kama zimechubuka, nusa, kadi iliyowahi kuungua ina harufu haiondoki. Ichomekwe kwenye mashine ukiona, fungua GPU-Z, kadi feki nyingi inaziandikia kabisa FAKE mbele ya jina, angalia memori GB 8 na jina sahihi, halafu ipige gemu au kipimo kizito dakika 20 bila kusimama, skrini isitoe vidoti wala mistari na joto lisivuke 80 kirahisi. Muuzaji akikuambia hana pawasapalai ya kuiwashia, au niamini tu mdogo wangu ni nzima hii, muage kwa adabu, hela rudisha mfukoni, panda Coaster rudi zako Moshi.